Uvimbe wa seli kubwa za mfupa: kukwangua, kukata au kuchoma sindano?

Kuna maradhi ya mfupa ambayo majibu yake humtoa mgonjwa hospitalini akiwa na maswali mengi kuliko aliyoingia nayo. Daktari mmoja anamwambia si saratani, kisha anamwandikia rufaa ya hospitali ya saratani. Wa pili anasema mfupa utakwanguliwa tu na mambo yatakwisha. Wa tatu anataka kipande kizima kitolewe na mahali pake pawekwe chuma. Siku hizi yupo na wa nne, anayesema ipo sindano inayouzuia uvimbe huo na huenda kisu kisihitajike. Nyumbani ndugu wanahitimisha kuwa madaktari wenyewe hawaelewani, na safari ya kwenda kwa fundi wa mifupa au kwa mganga inaanzia hapo.

Kauli zote nne zina ukweli ndani yake. Kila moja inamfaa mgonjwa fulani, katika mfupa fulani, katika hatua fulani ya ugonjwa. Tatizo ni kwamba humfikia mgonjwa zikiwa zimetengwa na sababu zake. Uchambuzi huu unazirudisha sababu hizo: uvimbe wa seli kubwa za mfupa ni nini, unatambuliwaje, na kila njia ya matibabu inampa mgonjwa nini na kumnyima nini. Msimamo wangu nautaja mapema. Swali la "ni saratani au si saratani" limepewa nafasi kubwa kuliko linavyostahili, ilhali swali la nani atafanya upasuaji wa kwanza, na kwa mpango gani, huulizwa wakati nafasi bora imeshapotea.

Ugonjwa wenyewe

Uvimbe huu huwapata zaidi watu wa kati ya miaka 20 na 40 hivi, baada ya mifupa kukomaa na kuacha kurefuka. Wanawake wanaoupata ni wengi kidogo kuliko wanaume. Katika takwimu za nchi za Magharibi ni kama 5% ya uvimbe wote unaoanzia kwenye mfupa wenyewe. China umeripotiwa kwa kiwango cha juu zaidi. Hupenda ncha za mifupa mirefu, pale penye kiungo. Karibu nusu ya wagonjwa wanao kuzunguka goti, ama mwishoni mwa fupa la paja au mwanzoni mwa muundi. Hufuata ncha ya mfupa wa mkono karibu na kifundo, upande wa dole gumba, kisha bega, na sakramu, yaani ule mfupa mpana ulio chini ya uti wa mgongo, juu ya kifandugu.

Daktari Mwingereza Astley Cooper, pamoja na mwenzake Benjamin Travers, waliuandika ugonjwa huu mwaka 1818. Ilichukua hadi mwaka 1940 kwa Henry Jaffe na wenzake huko New York kuutenga waziwazi na maradhi mengine ya mfupa yenye seli za aina hiyo. Muda wote huo ilidhaniwa kuwa zile seli kubwa zinazoonekana kwenye darubini, kila moja ikiwa na viini vingi, wakati mwingine zaidi ya 50, ndizo ugonjwa. Sasa inajulikana kuwa seli zenye kasoro ni nyingine: ndogo, za kawaida kwa umbo, zilizojificha katikati ya zile kubwa. Hizo ndogo hutoa protini iitwayo RANKL, ambayo huziita na kuzikomaza seli za kula mfupa. Seli za kula mfupa zimo katika kila mwili. Kazi yake ni kuondoa mfupa uliochakaa ili mpya ujengwe. Katika uvimbe huu huitwa kwa wingi usio na kipimo, huungana kuwa majitu, na huula mfupa mzima uliokuwa hauna tatizo lolote. Mwaka 2013 watafiti walionyesha kuwa zaidi ya 90% ya uvimbe huu una badiliko katika jeni moja, H3F3A, na badiliko hilo limo katika zile seli ndogo peke yake. Msomaji alishike hilo, kwa maana mjadala wote wa sindano unalitegemea.

Basi ni saratani? Uainishaji wa Shirika la Afya Duniani unauweka katika kundi la kati: hushambulia vikali pale ulipo, na husambaa mara chache. Wachache, kwa kawaida chini ya mgonjwa mmoja kati ya 20, hupata vinundu kwenye mapafu, na mara nyingi vinundu hivyo hukua polepole au hutulia kwa miaka. Kugeuka saratani kamili ni nadra zaidi, na sababu mojawapo inayojulikana ni mionzi ambayo mgonjwa alitibiwa nayo zamani. Kwa hiyo daktari aliyesema si saratani na yule aliyeandika rufaa ya hospitali ya saratani hawakupingana. Ila majibu yao hayamgusi mgonjwa pale panapomuuma. Uvimbe huu unaweza usihatarishe maisha kabisa na bado ukamwondolea mtu goti akiwa na miaka 25, wakati ana shamba la kulima, mizigo ya kubeba na watoto wa kulea.

Jina moja, maradhi mawili

Sehemu ya mkanganyiko inatokana na jina. Upo uvimbe mwingine wa seli kubwa unaoota kwenye utando wa viungo na ala za kano, hasa vidoleni na gotini. Huo hauanzii kwenye mfupa, kasoro yake ya jeni ni nyingine, na dawa zake ni nyingine. Mwaka 2019 Marekani iliidhinisha vidonge vya peksidatinibu kwa ajili ya uvimbe huo wa viungo. Anayeisoma habari hiyo kwenye simu akadhani imepatikana dawa ya mfupa wake anapoteza muda na pengine fedha. Cheti cha maabara kisomwe hadi mwisho: kinazungumzia mfupa, au kinazungumzia utando na kano?

Utambuzi: pale makosa makubwa yanapofanyika

Dalili za mwanzo hazina upekee. Ni maumivu karibu na kiungo, yanayozidi mtu akitembea na baadaye kubaki hata akilala; kisha uvimbe, kisha goti kukataa kukunjika. Kwa mtu mwenye umri mdogo jambo la kwanza linalodhaniwa ni kuteguka, na likikawia huitwa baridi yabisi. Dawa za maumivu hununuliwa dukani, mguu hukandwa kwa maji ya moto na mafuta, na miezi inapita. Wengine hugundulika siku mfupa unapovunjika kwa kujikwaa kidogo tu. Kwetu Afrika Mashariki kifua kikuu cha mifupa nacho ni ugonjwa wa kweli unaofanana na huu kwa dalili, na si kosa daktari akikifikiria. Kosa ni kumwanzishia mtu dawa za miezi mingi bila kupiga picha ya mfupa, au kupiga picha bila mtu mzoefu kuisoma.

Picha ya eksirei ya kawaida, inayopatikana hata katika hospitali nyingi za wilaya, hutoa nusu ya jibu. Huonyesha tundu jeusi lililokaa upande mmoja wa ncha ya mfupa, likafika hadi chini kabisa ya gegedu la kiungo, na lisilokuwa na ukingo mweupe mgumu unaolizunguka. Mahali hapo na umri huo vikikutana, daktari wa mifupa ana haki ya kuushuku uvimbe huu kabla ya kipimo kingine chochote. Mario Campanacci wa Taasisi ya Rizzoli, Bologna, aliacha mfumo wa daraja 3 unaotumika hadi leo: daraja la 1, uvimbe umetulia na ganda la mfupa ni zima, la 2, ganda limetanuka na kuwa jembamba, la 3, ganda limetoboka na uvimbe umeingia kwenye nyama. MRI huonyesha umbali uliofika ndani ya nyama na kiungo, sitiskani huonyesha ganda lililobaki, na picha ya kifua haipaswi kusahaulika.

Kipo kipimo kimoja cha damu ambacho ningetaka kila mgonjwa wa aina hii apimwe kabla ya kisu: kalsiamu, na ikiwa imepanda, homoni ya tezi za parathairoidi. Tezi hizo ndogo za shingoni zikizidisha kazi, hula mifupa na kuacha matundu yenye seli kubwa ambazo kwenye darubini zinafanana kabisa na uvimbe tunaouzungumzia. Wagonjwa wa figo wa muda mrefu wamo katika hatari hiyo. Mtu wa namna hiyo tiba yake iko shingoni au kwenye figo, na tundu la mguuni mara nyingi hupona lenyewe baada ya hapo. Kumkwangua mfupa ni kumtia jeraha lisilo na sababu, na gharama ya kuliepuka ni kichupa kimoja cha damu.

Halafu kinafuata kinyama. Mpatholojia akiletewa kipande bila picha ya eksirei, anaombwa kufanya jambo lisilowezekana, kwa kuwa seli kubwa zimo katika maradhi mengi: uvimbe wenye mifuko ya damu unaowapata vijana na watoto, uvimbe wa gegedu wa wasiokomaa mifupa, na, kwa bahati mbaya zaidi, aina fulani za saratani ya mfupa iitwayo osteosakoma. Mwenye maabara ya kisasa anaweza kupaka rangi maalumu ya kingamwili inayotambua badiliko la H3F3A, na hiyo humaliza ubishi mwingi. Rangi hiyo haipo kila mahali. Lakini kutokuwepo kwake hakumzuii daktari kufikia uamuzi mzuri, mradi mpasuaji, msomaji wa picha na mpatholojia wakae meza moja wakiwa na picha, damu na kinyama. Watatu hao wakikubaliana, uamuzi una msingi. Mmoja akipinga, kisu kingoje.

Mahali sindano au kisu cha kuchukua kinyama kinapopita pana uzito kuliko wengi wanavyodhani. Njia hiyo huweza kubeba seli za uvimbe, na mpasuaji wa baadaye huenda akalazimika kuiondoa yote. Ikiwa ilipitishwa upande usiofaa, upasuaji uliokuwa mdogo unakuwa mkubwa. Utafiti wa Henry Mankin na wenzake nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 1996 na kuhusisha wagonjwa 597 wa uvimbe wa mifupa na tishu laini, ulikuta kwamba 3% walikatwa kiungo bila ulazima kwa sababu ya kinyama kilichochukuliwa vibaya, na kwamba matatizo yalikuwa mengi kwa mara kadhaa pale kinyama kilipochukuliwa na hospitali iliyotoa rufaa badala ya hospitali iliyokuja kutibu. Somo lake kwetu liko wazi. Hospitali ya wilaya iliyopiga picha nzuri ikamtuma mgonjwa haraka katika kituo kama Taasisi ya Mifupa ya MOI jijini Dar es Salaam, KCMC ya Moshi au Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, imemfanyia kazi kubwa kuliko iliyojaribu kuchukua kinyama yenyewe.

Kukwangua

Hii ndiyo njia inayotumika zaidi, na jina lake linaipunguzia hadhi. Kukwangua vizuri ni kazi ndefu. Mpasuaji hufungua dirisha pana kwenye mfupa, kiasi cha kuliona tundu lote kwa macho yake, huchota uvimbe, kisha husaga kuta za tundu kwa mashine ya kasi ili kufikia seli zilizojibanza kwenye vijipango vya mfupa. Wengine huongeza fenoli, naitrojeni ya kimiminika au haidrojeni peroksaidi ili kuua zilizobaki. Mwishoni tundu hujazwa, ama kwa mfupa wa kupandikiza ama kwa saruji ya mifupa.

Faida yake ni moja na ni kubwa: kiungo cha mgonjwa kinabaki chake. Goti linakunjika, gegedu lipo, na kijana anaweza kurudi kazini. Udhaifu wake ni kujirudia. Katika ripoti ya Campanacci ya mwaka 1987, yenye wagonjwa 327, uvimbe ulirudi kwa 27% ya waliokwanguliwa, 8% ya waliotolewa uvimbe kwa ukingo mwembamba, na hakuna hata mmoja aliyerudiwa kati ya waliotolewa kipande kizima kwa ukingo mpana. Ripoti nyingine za kukwangua bila kusaga zinafika karibu nusu. Pale ambapo kusaga na saruji vinatumika kwa ukamilifu, ripoti nyingi huwa kati ya 10% na 20% hivi.

Kuhusu kemikali, wataalamu hawajaafikiana. Ripoti kubwa kadhaa hazikuona tofauti kati ya waliotumia fenoli na wasiotumia, ilimradi kuta zilisagwa kwa ukamilifu. Naelemea upande huo. Mkono wa mpasuaji na upana wa dirisha vina uzito kuliko chupa iliyomwagwa ndani, na hilo ni jambo jema kwa hospitali isiyo na naitrojeni ya kimiminika.

Saruji au mfupa? Saruji inapoganda hutoa joto linaloua seli za ukingoni, humwezesha mgonjwa kukanyaga mapema, na hurahisisha kuuona uvimbe ukirudi, maana kando yake nyeupe hujitokeza doa jeusi. Udhaifu wake ni kwamba haigeuki kuwa mfupa, na ikikaa karibu sana na gegedu huweza kuliumiza kwa miaka. Mfupa wa kupandikiza huungana na wa mgonjwa, lakini huchukua miezi ya magongo, na wakati unajijenga hutoa picha yenye madoa ambayo ni vigumu kuitofautisha na uvimbe uliorudi. Wapasuaji wengi huchanganya: mfupa kidogo chini ya gegedu, saruji katika sehemu iliyobaki. Kwa mgonjwa anayeishi mbali na hospitali na asiye na uhakika wa kurudi kila miezi mitatu, saruji inastahili kutangulizwa, kwa sababu uvimbe ukirudi utaonekana hata kwenye picha moja ya eksirei.

Kutoa kipande kizima

Mwenye hoja ya kutoa kipande kizima ana takwimu upande wake: karibu hakuna kinachorudi. Katika mifupa ambayo mwili unaweza kuikosa bila hasara kubwa, kama sehemu ya juu ya ule mfupa mwembamba wa nje ya muundi, hoja hiyo haina mpinzani. Itolewe, yaishe. Karibu na kifundo cha mkono, ambako uvimbe hurudi mara nyingi baada ya kukwanguliwa, wapasuaji wengi hutoa ncha ya mfupa na kuijazia kwa kipande cha mfupa huohuo mwembamba wa mguuni wa mgonjwa mwenyewe, au huufunga kifundo kisikunjike lakini kiwe imara.

Gotini mambo hugeuka. Kutoa kipande kizima maana yake ni kutoa kiungo na kuweka goti la chuma lenye shina refu. Chuma hicho hulegea, huingiwa na vijidudu, huchakaa. Mzee wa miaka 75 anaweza kuzikwa nacho. Kijana wa miaka 25 atarudi mezani mara mbili, pengine tatu, na kila kurudi kunakula mfupa uliobaki. Kwa nchi ambako chuma chenyewe huagizwa kutoka nje na familia hutakiwa kukilipia kabla ya siku ya upasuaji, gharama ya marudio hayo inafaa kuhesabiwa tangu mwanzo. Uvimbe uliorudi baada ya kukwanguliwa unaweza, mara nyingi, kukwanguliwa tena na kiungo kikabaki. Goti lililotolewa halirudi. Kwa hiyo ninapowekewa 20% ya kujirudia upande mmoja na kiungo kilichopotea kwa hakika upande wa pili, mizani yangu inalalia kukwangua, hata katika daraja la 3, ilimradi mfupa uliobaki unaweza kushika saruji na skrubu.

Panapokuwa hapana tena mfupa wa kushika kitu, au mfupa umevunjika vibaya hadi ndani ya kiungo, au uvimbe umerudi mara nyingi, kipande kizima ndicho jibu la kweli. Kukatwa mguu ni kwa wachache waliochelewa mno, uvimbe ukiwa umepasua ngozi na kuoza, au mishipa mikubwa imemezwa. Idadi yao ni kipimo cha ucheleweshaji, zaidi ya kuwa kipimo cha ukali wa ugonjwa.

Sindano

Hapa ndipo matumaini na upotoshaji vimekaa pamoja. Denosumabu ni kingamwili iliyotengenezwa kuikamata RANKL, ile protini inayoziita seli za kula mfupa. Bila RANKL, seli kubwa hutoweka na mfupa huanza kujijenga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa kati ya wagonjwa 35 waliopimwa, 30 waliitikia dawa. Juni 2013 Marekani iliidhinisha matumizi yake kwa watu wazima, na kwa vijana waliokomaa mifupa, ambao uvimbe wao hauwezi kutolewa au ambao upasuaji ungewaachia ulemavu mkubwa. Huchomwa chini ya ngozi, miligramu 120 kila baada ya wiki 4, na dozi mbili za nyongeza siku ya 8 na ya 15 katika mwezi wa kwanza. Wengi hupungukiwa na maumivu ndani ya wiki chache, na picha huonyesha ganda jipya jeupe likiufunga uvimbe.

Ganda hilo ndilo lenye hila. Dawa inawafukuza walaji wa mfupa; zile seli ndogo zenye badiliko la jeni inaziacha hai. Zinabaki zimefunikwa ndani ya mfupa mpya mgumu, na mpasuaji anapokuja kukwangua hawezi tena kuona uvimbe unaishia wapi na mfupa mzima unaanzia wapi. Mwaka 2018 Costantino Errani na wenzake wa Rizzoli waliripoti kuwa kati ya waliopewa denosumabu kabla ya kukwanguliwa, uvimbe ulirudi kwa 60%, ikilinganishwa na 16% kwa waliokwanguliwa bila dawa hiyo.

Watetezi wa sindano wana jibu, na ni la haki: wagonjwa hawakugawanywa kwa kura, na daktari huelekea kumpa dawa yule mwenye uvimbe mbaya zaidi, ambaye ungemrudia hata bila dawa. Pengo la 60 na 16 haliwezi kusomwa kama madhara ya dawa peke yake. Hata hivyo, ripoti nyingine zimeelekea upande uleule, na maelezo ya kibaiolojia yanaafikiana nazo. Kwa maoni yangu hiyo inatosha kuuhamisha mzigo wa ushahidi. Anayetaka kuchoma sindano kwa uvimbe ambao ungekwanguliwa vizuri bila hiyo ndiye anayepaswa kueleza kwa nini. Ikiwa mpango ni kutoa kipande kizima, hoja hiyo inapungua nguvu, kwa sababu ganda lililokaza huweza hata kumsaidia mpasuaji kuutoa uvimbe bila kuumwaga.

Yapo mambo mengine matatu ambayo mgonjwa haambiwi kwa wakati. La kwanza, dawa hubadilisha sura ya uvimbe kwenye darubini: seli kubwa hupotea, mfupa mchanga hujaa, na mpatholojia asiyejulishwa anaweza kudhani anaitazama osteosakoma. Kinyama kichukuliwe kabla ya sindano ya kwanza, na fomu ya maabara itaje dawa. La pili, mwanamke aliye katika umri wa kuzaa asianze bila kuhakikisha hana mimba na bila uzazi wa mpango wa uhakika, maana dawa hudhuru mtoto tumboni. Ugonjwa huu huwapata wanawake wa umri huohuo, hivyo onyo hili si la pembeni. La tatu, kalsiamu hushuka, na taya huweza kufa sehemu, hasa baada ya kung'oa jino. Meno yakaguliwe na kutibiwa kwanza, na vidonge vya kalsiamu na vitamini D viende sambamba.

Kisha lipo swali la kuacha. Kwa wengi ambao hawakupasuliwa, dawa ikisimama uvimbe huamka baada ya muda. Kwa hiyo anayeanza sindano bila mpango wa upasuaji anaanza matibabu yasiyo na mwisho unaojulikana, na dozi ikikatika kwa kukosa fedha mgonjwa hurudi alikokuwa. Tangu mwaka 2024 Marekani imeanza kuidhinisha nakala za dawa hii kutoka kwa watengenezaji wengine, na kuna sababu ya kutarajia bei kushuka. Asidi ya zoledroniki, dawa ya zamani na ya bei nafuu inayopunguza ulaji wa mfupa, imejaribiwa pia, lakini ushahidi wake ni mwembamba na haustahili kuwekwa badala ya kisu.

Pale kisu kisipofika

Sakramu na uti wa mgongo vina mizani yao. Uvimbe wa hapo hukaa juu ya neva zinazotawala haja kubwa, haja ndogo na tendo la ndoa. Kuutoa wote kunaweza kumwachia mtu hasara mbaya kuliko ugonjwa. Hapa ndipo denosumabu inapostahili heshima yake yote, na hata matumizi ya muda mrefu, dozi zikitawanywa kadiri hali inavyotulia. Njia nyingine ni kuziba mishipa inayoulisha uvimbe damu, jambo ambalo hurudiwa mara kadhaa. Mionzi nayo huudhibiti uvimbe kwa wengi, ila kumbukumbu ya waliopata saratani miaka mingi baada ya mionzi huifanya iwe ya mwisho kufikiriwa kwa mtu wa miaka 30. Anayeambiwa "goti lako tulichome mionzi" ana haki kamili ya kuomba maoni ya pili.

Uzito wa upasuaji wa kwanza

Nikiziweka hoja zote kwenye mizani, naona ubishi wa kukwangua, kukata na kuchoma ni mdogo kuliko unavyosikika. Goti la kijana lenye mfupa wa kutosha likwanguliwe kwa kina na kujazwa saruji, bila sindano. Mfupa unaoweza kukosekana utolewe. Sakramu ipewe sindano. Eneo la ubishi halisi ni dogo: daraja la 3 karibu na goti au kifundo cha mkono, ambapo mtu mwenye ujuzi anaweza kwa haki kuchagua njia yoyote kati ya tatu.

Kinachoamua matokeo katika maeneo mengine yote ni kama aliyeshika kisu mara ya kwanza alijua anachokishughulikia. Uvimbe uliodhaniwa kuwa jipu la mfupa ukafunguliwa, au mfupa uliovunjika ukapigiwa chuma bila kuuliza kwa nini umevunjika kirahisi, husambaza seli kwenye nyama na kuubadilisha ugonjwa wa daraja la 2 kuwa wa daraja la 3 kwa saa moja. Hakuna sindano inayolirudisha hilo nyuma. Ndiyo maana fedha ya familia, ikiwa ni kidogo, itumike kwanza kwenye nauli ya kufika kituo chenye timu, kabla ya dawa yoyote.

Miaka ya kufuatilia

Kurudi kwingi hutokea ndani ya miaka 2 au 3 ya mwanzo, ingawa wapo waliorudiwa baada ya muda mrefu zaidi. Utaratibu unaotumika sana ni picha ya mfupa na ya kifua kila miezi 3 hadi 6 kwa miaka hiyo ya mwanzo, kisha mara moja kwa mwaka hadi angalau mwaka wa 5. Maumivu mapya mahali pa zamani hayasubiri tarehe ya kliniki. Picha ya kwanza iliyopigwa baada ya upasuaji aitunze mgonjwa mwenyewe, nakala yake iwe nyumbani, kwa sababu mstari mwembamba mweusi kandokando ya saruji huweza kuwa alama ya kawaida ya joto lake au mwanzo wa uvimbe kurudi, na daktari wa kliniki hawezi kuvitofautisha bila kuona mstari huo ulikuwa na upana gani siku ya kwanza.